Maswali ya Wasomaji: Masomo ya Mtandaoni, Zamu, Bando na Saa ya Kuwasilisha

Mimi ni muuguzi na zamu zangu hubadilika kila wiki. Nataka kusoma shahada bila kuacha kazi. Kila ninayemuuliza ananiambia masomo ya mtandaoni ni rahisi tena nafuu. Ni kweli? – Msomaji, Songea

Rahisi, hapana. Nafuu ipo, ila usiitafute kwenye ada peke yake. Iangalie kwenye nauli, pango la chumba na mshahara ambao ungeukosa kwa miaka yote ya kukaa chuoni.

Faida kubwa zaidi iko kwenye somo lenyewe. Mhadhara uliorekodiwa unausimamisha, unaurudisha nyuma, na unaumalizia kesho yake ukishaamka kutoka usingizi wa zamu ya usiku. Ukumbini, aliyeachwa nyuma ameachwa. Lakini faida hiyo humpita anayetazama mihadhara kama tamthilia. Tazama dakika 10, simamisha, funga daftari, andika kwenye karatasi tupu unachokumbuka, halafu linganisha. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006: wanafunzi waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa dakika 5 baadaye, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Nasi hatujui chuo kinachotoa mtihani dakika 5 baada ya kusoma.

Kabla ya kulipa chochote, uliza mambo matatu. Vipindi vya mubashara hurekodiwa, na rekodi hukaa muda gani? Mitihani hufanyikia wapi? Mafunzo kwa vitendo yamepangwaje? Kwa muuguzi hilo la tatu ndilo zito, kwa sababu wodi haifundishiki kwenye simu. Programu ya uuguzi inayodai kila kitu kiko mtandaoni iogope. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani. Anzia kituo kilicho karibu nawe na maswali hayo mkononi.

Bando la wiki linaisha siku ya pili. Nasoma kwa simu tu. Nifanyeje? – Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Kigoma

Kwanza jua kinachokula. Kila megabiti moja kwa sekunde ni MB 450 kwa saa, na hesabu hiyo haibadiliki. Video ya 480p (kipimo cha ubora wa picha; namba ikishuka, picha hufifia na data hupungua) huzunguka hapo kwenye megabiti moja. Ukiishusha hadi 240p, chukulia megabiti 0.3, unapata kama MB 135 kwa saa. Sauti peke yake ya kilobiti 64 haifiki hata MB 30. Mihadhara mitatu ya saa moja kwa wiki, basi, ni GB 1.35 kwa 480p na MB 400 na kitu kwa 240p. Mhadhiri anayeongea mbele ya slaidi hahitaji 480p. Pakua slaidi zenyewe, ambazo mara nyingi ni MB chache, kisha sikiliza huku ukizifuata. Mchoro wa anatomia au mlinganyo ulioandikwa ubaoni ni habari nyingine: hapo panda kidogo, kwa dakika hizo tu.

Pili, pakua badala ya kutazama moja kwa moja. Ukitazama moja kwa moja na kurudia mara tatu, huenda ukalipia mara tatu. Aplikesheni ya Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi vya kwetu, ina alama ya kupakua pembeni mwa somo. Ukishapakua unasoma bila intaneti. Hata majaribio mengine hufanyika hivyo, mradi mwalimu ameruhusu. Aplikesheni za Coursera na edX, majukwaa ya kozi za mtandaoni, nazo hupakua video. Fanya kazi hiyo mara moja kwa wiki, kwenye Wi-Fi ya chuo au kwa bando la usiku, na uhakikishe simu ina nafasi. Simu iliyojaa hukatiza upakuaji katikati, na MB zilizokwisha kutumika hazirudi.

Tatu, wezi. Washa Kiokoa Data kwenye mipangilio ya Android na uruhusu aplikesheni ya masomo peke yake. Zima upakuaji wa picha na video wa WhatsApp unaojiendesha, zima nakala za picha zinazopandishwa mtandaoni, na aplikesheni zisasishwe kwa Wi-Fi tu. Katika kipindi cha mubashara, kuzima kamera yako hakutoshi, kwa kuwa video za wenzako bado zinaingia. Tafuta chaguo la kusitisha video zinazoingia au la kusikia sauti tu.

Nilipakia kazi yangu siku moja kabla, lakini mfumo unasema sijawasilisha. Mhadhiri amenipa sifuri. – Mwanafunzi, Mombasa

Mara nyingi kisa ni kimoja: faili liliingia, ila kazi ilibaki rasimu. Mhadhiri anaweza kuipanga Moodle idai hatua mbili, kuhifadhi faili na kisha kubonyeza kitufe cha kuwasilisha. Wengi huishia ya kwanza. Kazi ikipokelewa, hali yake hubadilika na kusema imewasilishwa kwa kusahihishwa. Piga picha ya skrini hiyo. Kwa sasa mwandikie mhadhiri ukimwomba aangalie muda faili lilipohifadhiwa, mfumo huuonyesha. Umwandikie leo, usingoje matokeo ya muhula.

Sababu nyingine ni uzito wa faili. Kurasa 8 zilizopigwa picha, kila moja MB 4, ni MB 32, na vikomo vingi viko chini ya hapo. Tumia kichanganuzi kilicho ndani ya aplikesheni ya Google Drive, chagua nyeusi na nyeupe, utoe PDF moja.

Ikiwa kozi ni ya nje, chunga saa. Mwisho wa 23:59 UTC, yaani saa ya kimataifa, kwetu ni saa 8:59 usiku, tarehe ya kesho. Wa 23:59 ya New York ni saa 1:59 asubuhi wakati wa baridi yao, lakini kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba ni saa 12:59 asubuhi. Saa nzima inapungua nawe hujagusa kitu. Fungua wasifu wako kwenye mfumo na uweke saa za Nairobi.

Nina vyeti vitano vya kozi fupi za mtandaoni. Vitanipandisha daraja kazini? – Msomaji, Tabora

Cheti cha kumaliza kozi fupi huonyesha ujuzi. Si tuzo ya kitaaluma, na vitano havijumlishwi vikawa stashahada. Mwajiri anaweza kuvithamini, hasa ukiambatisha kazi uliyoifanya kwa ujuzi huo. Shahada ya chuo cha nje hupelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe. Cheti na stashahada za ufundi ni za NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Waulize wao kabla ya kujisajili, ukiwa na jina kamili la chuo, nchi, jina la programu na njia ya ufundishaji. Chuo kikikwambia kinatambuliwa kimataifa, kiulize na nani.