Kugusa kanzidata tovuti ikiwa hewani
Umeuliza kama ni lazima uzime tovuti ndipo urekebishe majina machache kwenye kanzidata (hifadhi ya data ya tovuti) ya MySQL. Si lazima. Chukua nakala kwanza kwa mysqldump (programu ya kunakili kanzidata ya MySQL), uiweke nje ya seva hiyo. Kisha jaribu SELECT (amri ya kusoma data) yenye WHERE (sharti la kuchagua mistari) ileile utakayotumia kubadilisha. Ikileta, tuseme, mistari 3, andika BEGIN (mabadiliko yasubiri uthibitisho wako), halafu UPDATE (amri ya kubadilisha). Ikisema imegusa mistari 3, COMMIT (thibitisha). Ikisema 4,000, ROLLBACK (tengua) upesi! (Mimi niliwahi kusahau WHERE, tena bila kuanza na BEGIN, wateja wote wakabaki na barua pepe moja.) Usiinuke kitini kabla ya COMMIT, maana mistari hiyo imefungwa, wengine hawawezi kuibadilisha. Majedwali ya MyISAM (aina mojawapo ya majedwali ya MySQL) hayajui ROLLBACK kabisa, na ALTER TABLE (amri ya kubadilisha muundo wa jedwali) ya MySQL nayo hairudi nyuma.