Maswali ya ndege: heroe wa Natron

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu heroe mdogo, yule flamingo wa rangi ya waridi.

*Utotoni niliona Nakuru imejaa waridi tupu. Juzi nimewapeleka wanangu, tumeambulia vikundi vichache. Wamekwisha? (Mama, Tabata)*

Hawajakwisha, mama, wamehama. Heroe mdogo hula spirulina, viumbe vidogo mno vya kijani vinavyostawi kwenye maji ya magadi. Tangu takriban mwaka 2010, maji ya maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yamepanda, magadi yamezimuka na chakula kimepungua. Kundi likikosa shibe huondoka usiku kwenda maziwa mengine: Bogoria kule Kenya, au Manyara na Natron hapa Tanzania. Kinachonitia hofu ni maziwa mengi kuzimuka kwa pamoja.

*Wanahesabiwaje ndege wote hao? (Sinza)*

Kila Januari kuna sensa ya ndege wa majini. Wahesabuji hupiga picha kutoka angani, au huhesabu sehemu ya kundi na kukadiria lililobaki. Maziwa yasipohesabiwa siku zilizokaribiana, heroe wa Bogoria leo atahesabiwa tena Natron keshokutwa. Makadirio ya Afrika Mashariki ni kati ya milioni 1.5 na 2.5. Tazama pengo hilo: laki nzima inaweza kupotea humo tusijue.

*Kwa nini kila mara Natron? (Mbagala)*

Kwa sababu ndiko pekee Afrika Mashariki wanakozaliana kwa uhakika. Jike hutaga yai moja tu, juu ya kichuguu cha tope, katikati ya magadi ambako fisi hathubutu. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuvifikia viota kwa miguu. Magadi yalimuunguza miguu hadi akalazwa hospitali. Maji yakizidi, viota huzama. Yakikauka mno, wanyama hupita. Ipo miaka wasiyopata kifaranga hata mmoja. Na kwa kuwa heroe huishi miongo kadhaa, ziwa linaweza kupendeza kwa waridi huku waliomo wote ni wazee. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwa hiyo ukisikia mradi wowote wa kuvuna magadi pale, uliza kwanza kuhusu vifaranga.

*Nitawaona Dar? (Kigamboni)*

Huyu mdogo, kwa nadra sana. Lakini kati ya Oktoba na Machi, maji yakipwa, nenda Kunduchi ukawatazame vitwitwi waliotoka Ulaya na Asia.