Nunua ya daraja la kati, mdogo wangu, halafu ufanye kazi

Juzi nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja. Ananiamkia, ananiita kaka, kisha anaingia moja kwa moja kwenye shida yake: ana akiba inayotosha simu ya daraja la kati, lakini rafiki zake wanamwambia avumilie mpaka aweze ile ya juu kabisa, kwa kuwa mtu anayepiga picha na kurekodi video za wateja hawezi kuheshimika akishika simu ya kawaida. Anauliza, "Kaka, ninunue sasa au nisubiri?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Nikajikuta naandika mpaka usiku, maana swali lake limegusa mahali ambapo mimi mwenyewe bado pananiuma.

Wengi mnaonisoma mnafanya kazi inayofanana na yangu, kwa hiyo sina haja ya kueleza simu ni nini kwetu. Ndiyo kamera, ndiyo ofisi, ndipo mteja anapotupata na ndipo anapopokelea kazi yake. Simu yangu ya zamani ilikuwa imechoka. Chaji ilikata kabla jua halijafika utosini, hifadhi ilikuwa imejaa, na nikifungua kamera ilinibidi nisubiri huku kile nilichotaka kukipiga kinapita. Nikajibana, nikaweka akiba, nikanunua hii niliyo nayo sasa. Jina lake silitaji kwa sababu sitaki makala igeuke tangazo, na mengi nitakayosema yanazihusu simu nyingi za daraja hili: ramu (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 8, hifadhi ya GB 256, betri ya mAh 5000, kioo cha OLED cha Hz 120, kamera kuu ya megapikseli 50.

Siku za mwanzo sitazisimulia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kila mwenye simu mpya huiona haina kasoro.

Nitasimulia jambo moja tu la siku hizo. Kuna bwana niliyewahi kumfanyia kazi, mtu ninayemheshimu na ambaye neno lake lina uzito kwa wenzetu. Aliichukua simu yangu, akaigeuza akatazama mgongo wake, akairudisha mezani na kusema, "Mimi nilidhani safari hii utanunua simu." Waliokuwepo wakacheka. Sikumjibu. Lakini neno lile liliniingia, na bado limo. Kuanzia hapo kila picha niliyoipiga niliikuza kwa vidole viwili nikitafuta kasoro, kana kwamba nakusanya ushahidi wa kunihukumu mwenyewe.

Na kasoro zipo. Nitazisema zote, kwa sababu anayekuambia simu ya daraja la kati ni sawasawa na ile ya juu anakudanganya.

Usiku ndipo inapoonekana. Nilikuwa kwenye shughuli yenye taa chache za njano, nikampiga picha bibi mmoja aliyekuwa akicheka na mjukuu wake mapajani. Kwenye kioo picha ilipendeza. Nilipoikuza, nywele za mtoto zilikuwa bonge moja jeusi lisilo na unywele hata mmoja, na yale makunyanzi ya pembeni mwa macho ya bibi, ambayo ndiyo yaliyonivuta nimpige, yalikuwa yametoweka. Ngozi ilinyooka kama imepigwa pasi. Sababu yake ni hii: kile kidude cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kwenye simu hizi huwa ni kidogo kuliko kwenye zile za juu. Mwanga ukipungua, picha inajaa chengachenga, na programu ya simu inazifuta. Inapozifuta chengachenga, inafuta pamoja nazo kila kilicho kidogo na chembamba, nywele, makunyanzi na nyuzi za nguo.

Megapikseli 50 zisikutishe wala zisikulevye. Kamera za namna hii kwa kawaida huunganisha pikseli nne, vile vitone vinavyounda picha, kuwa moja ili zipate mwanga zaidi, kwa hiyo picha unayoipata ina megapikseli kama 12.5. Hilo si wizi, ndivyo zilivyotengenezwa, na mchana picha hutoka safi kabisa. Ile kamera pana ya pembeni ni dhaifu zaidi ya kuu, mimi huitumia mchana peupe tu. Na ya tatu, ya vitu vya karibu, yenye megapikseli 2, nimeijaribu nikaiacha. Naamini imewekwa ili mgongo wa simu uonekane una kamera nyingi, na hilo linaniudhi, kwa sababu ni fedha ya mnunuzi ambayo ingeweza kwenda kwenye kamera kuu.

Kasoro nyingine ni joto. Nikirekodi video ya 4K, ile ya ubora wa juu, juani kwa muda mrefu, simu inachemka, kioo chenyewe kinapunguza mwanga, na hapo siioni vizuri picha ninayoipiga. Siku hizi narekodi vipande vifupi, nafunga kamera, naingia kivulini, naendelea. Kwa kazi nyingi tunazofanya, 1080p, ubora wa chini ya huo, inatosha. Mtu anayeitazama video yako kwenye WhatsApp hataiona hiyo 4K hata kidogo, kwa sababu inabanwa inapotumwa.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Nilipomaliza kukusanya kasoro nilikaa nikajiuliza: katika hizi, ni ipi iliyoninyima kazi? Hakuna. Hata ile picha ya bibi, ningewasogeza hatua chache chini ya taa, ingetoka. Tangu hapo nikaanza kutafuta mwanga kabla ya kutafuta chochote kingine. Namkalisha mtu karibu na dirisha. Naifuta lenzi kwa kitambaa laini kila ninapoanza, kwani alama ya kidole kwenye lenzi huharibu picha kuliko udogo wa kamera. Sikuzi, nasogea kwa miguu. Nikishabonyeza nabaki nimetulia kidogo, kwa sababu simu za daraja hili huchukua muda kuiunganisha picha, na ukiuondoa mkono mapema inatoka na ukungu.

Wiki iliyopita nilikabidhi video fupi ya fundi seremala. Niliipiga yote kwa simu hii, asubuhi, mwanga ukiingia ubavuni kupitia mlango ulio wazi. Kuna sehemu anapiga randa, utepe mwembamba wa mbao unajikunja juu ya kidole gumba chake, unapitisha mwanga, unakatika na kuanguka. Nilikuwa nimepiga magoti karibu naye, simu nimeiegemeza kwenye kipande cha ubao ili isitikisike. Mteja aliifungua video kwenye skrini kubwa. Pale utepe ulipokatika akasimamisha, akarudisha nyuma, akatazama tena. Kisha akaniuliza natumia kamera gani. Nikaitoa mfukoni nikamwonyesha. Amenilipa, na amenipa kazi nyingine.

Najivunia kazi ile na sioni haya kusema. Na ndiyo, nilitamani yule bwana wa "nilidhani utanunua simu" awepo chumbani mle.

Kwa hiyo nawaambia wote mnaotaka kufika mbali kwa kazi hii: mwanga kwanza. Mwenye simu ya bei ya juu asiyejua taa iko upande gani atapiga picha mbaya tu, hata zikionekana kwa ukali. Tofauti ya bei kati ya simu hizi mbili inanunua mikrofoni ya kubana kwenye shati, stendi ya miguu mitatu na taa ndogo, na bado chenji inabaki. Mteja huvumilia picha yenye chengachenga kidogo, lakini sauti mbovu havumilii, anazima. Waliokuambia usubiri hawajawahi kukuambia habari ya mikrofoni, sivyo?

Betri. Hapa simu hii imenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Siku ya kazi ya kawaida naimaliza bila kuchomeka, na siku ya kurekodi sana naongeza kidogo jioni. Kinachoua betri za aina hii ni joto, na pia kukaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa au imekauka kabisa. Simu nyingi sasa zina mahali kwenye mipangilio pa kuiambia iache kuchaji ikifika asilimia 80. Ukikaa karibu na umeme siku nzima, washa hicho. Usiitie chaji ikiwa chini ya mto, na usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Na usishangae chaja iendayo kasi inapopunguza mwendo ikifika asilimia 80, simu yenyewe ndiyo inayopunguza ili kuilinda betri. Kisha fungua orodha ya matumizi ya betri uone programu ipi inakula chaji bila wewe kuitumia. Mimi nilikuta moja ya kuhariri picha, ambayo sikuwa nimeigusa kwa siku kadhaa, ikifanya kazi chinichini usiku kucha. Nikaiondoa, na chaji ya asubuhi ikabadilika.

Kuhusu wepesi, wauzaji watakuimbia ramu. "Hii ina nane, na nane nyingine za ziada." Hizo za ziada si ramu. Ni kipande cha hifadhi kinachoazimwa kifanye kazi ya ramu, na hifadhi ni ya taratibu kuliko ramu. Uliza aina ya hifadhi. Ikiwa ni UFS utaona programu zinafunguka upesi na video zinahamishwa bila kukuchosha, lakini ikiwa ni eMMC, hata ramu iwe nyingi, simu itaanza kukwama mapema. Hata iliyo nzuri huchoka ikijazwa. Mimi naacha nafasi ya kutosha, na kila kazi ikikabidhiwa naihamishia kwenye diski ya nje. Fanyeni hivyo, jamani. Simu huibwa, huanguka majini, huharibika, na picha za mteja haziwezi kuishi mahali pamoja tu.

Jambo ambalo watu wetu hawaliulizi kabisa ni masasisho, yaani maboresho ya programu ambayo kampuni huitumia simu baada ya kuiuza, na kwangu ndilo linalotenganisha simu ya kununua na ya kuacha. Simu isiyopata tena masasisho ya usalama, ambayo ndani yake una mawasiliano ya wateja na akaunti za fedha, ni mlango usio na komeo. Zamani simu za daraja la kati zilitelekezwa mapema. Mambo yamebadilika: Google iliiahidi Pixel 8a, iliyotoka Mei 2024, masasisho ya miaka 7, na Samsung iliiahidi Galaxy A16 ya mwaka huohuo, ambayo hata haifiki daraja la kati, miaka 6. Umoja wa Ulaya nao, tangu Juni 20, 2025, unazitaka simu mpya zinazoingia soko lake ziendelee kupata masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya kampuni kuacha kuiuza modeli hiyo, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 800. Basi swali la kwanza dukani liwe hili: simu hii itasasishwa mpaka mwaka gani? Muuzaji asipojua, tafuta kwenye tovuti ya kampuni kabla hujatoa hela.

Kuna wanaokopa ili washike simu ya juu. Nawasihi, acheni. Nimeona wenzangu wakifanya kazi mwezi baada ya mwezi kulipia kifaa, na kila wanachoingiza kinapita mkononi tu. Simu inunuliwe na kazi uliyoifanya, na ikipasuka kesho uweze kulala. Mimi yangu nilivisha kava na protekta siku ileile, maana hata vioo vinavyosifiwa kwa ugumu huchunwa na mchanga wa mfukoni.

Simu za juu zina haki yao. Anayepiga picha usiku kila siku, anayehitaji kukuza mbali uwanjani, anayerekodi video ndefu zisizokatwa na analipwa kwa hizo, huyo anunue, itamrudishia. Kama kazi yako haiko hivyo, hao wanaokucheka hawatakulipia.

Kwa hiyo mdogo wangu, nunua sasa. Ukifika dukani omba simu yenyewe, iliyowashwa, usikubali kuonyeshwa boksi. Fungua kamera mara kadhaa mfululizo uone kama inasita. Piga picha mahali penye giza, chini ya kaunta, kisha ikuze utazame nywele na nyuzi. Rekodi video ukitembea, uone kama inatulia au inayumba, kwa sababu kamera kuu yenye utulivu wa lenzi itakusaidia kuliko kamera mbili za nyongeza. Uliza UFS au eMMC. Uliza masasisho. Kisha lipia, nenda nyumbani, vuta kiti karibu na dirisha umrekodi yeyote aliye karibu akifanya kazi ya mikono, na unitumie hiyo video. Nitaitazama yote.