Draiva za zamani, keneli mpya: majibu ya maswali yenu

Meseji nyingi safari hii zimetoka kwa wenye mashine za miaka ile, ambao bado wanataka zipige kazi kwenye Linux ya leo. Kwa anayeanza: keneli ni kiini cha mfumo endeshi kama Linux, na draiva ni mkalimani kati ya kiini hicho na chuma, yaani kadi na vifaa vyenyewe.

Kasulu: Ghalani kwetu tuna kadi inayosoma mizani. Draiva yake ilikuja na CD ya kiwandani, ikapiga kazi miaka kumi. Nimeweka Ubuntu mpya (aina mojawapo ya Linux), imegoma. Kwa nini wanaharibu kitu kizima?

Pole sana. Watu wa Linux wanaahidi jambo moja tu: programu ya kawaida iliyofanya kazi jana haitavunjwa na keneli ya kesho. Ndani ya keneli kwenyewe hakuna ahadi hiyo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu, aliandika waraka mzima kutetea msimamo huo, na waraka umo humohumo kwenye keneli. Anayebadilisha fanksheni ya ndani (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) hutakiwa kurekebisha draiva zote zinazoitumia, mradi zimo nyumbani, yaani ndani ya keneli yenyewe. Yako ilikuwa imelala kwenye CD siku kitasa kilipobadilishwa, kwa hiyo haikupewa ufunguo mpya.

Ukipata msimbo wake, maandishi ya programu aliyoyaandika mtu, kuna matumaini. Ukiwa na faili lililokwisha kukompailiwa tu, yaani kugeuzwa lugha ya mashine, rudi kwenye Ubuntu ya zamani na usiiunganishe na intaneti.

Ujiji: Nimepata msimbo wa draiva ya enzi za keneli 2.6. Nimehangaika siku tatu, sasa inakompaili bila kosa hata moja. Nimemaliza?

Hapana, kaka. Umefika stesheni tu, treni bado.

Niliwahi kuletewa draiva ya namna hiyo. Ilikuwa na taima: kila baada ya muda mfupi inaamka, inachungulia kama kadi ina namba mpya. Zamani taima iliwekwa kwa setup_timer, na fanksheni inayoamshwa ilipokea thamani uliyoipa mwenyewe, mara nyingi anwani ya kifaa chako, yaani mahali taarifa zake zilipo kwenye kumbukumbu. Keneli 4.15, ya Januari 2018, iliufuta utaratibu huo. Sasa ni timer_setup, na fanksheni hupokea anwani ya taima yenyewe. Ni juu yako kuhesabu kutoka hapo hadi kwenye kifaa. Mimi, kwa uvivu wa saa nne usiku, nikabandika (void *), alama ya kuiambia kompaila isihoji anwani ni ya nini, ili inyamaze. Ikanyamaza. Moduli (draiva inayoingizwa na kutolewa keneli ikiwa inafanya kazi) ikaingia, dmesg, orodha ya jumbe za keneli, ikawa safi, namba zikasomeka. Nikafunga duka, nikaenda kula ugali na migebuka.

Kesho yake nikaongeza kitu kimoja kidogo juu kabisa ya strakti, fungu linaloshika taarifa za kifaa, na mashine ikaganda kama jiwe. Kumbe taima ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye strakti, kwa hiyo anwani yake na anwani ya kifaa zilikuwa moja. Usiku ule nilikuwa nimebahatisha! Nilipoisukuma taima chini, anwani zikaachana, na draiva ikaanza kuandika kwenye kumbukumbu pasipo pake.

Kwa hiyo ipime hivi. Jenga keneli yenye KASAN, inayomkamata anayegusa kumbukumbu isiyo yake, na lockdep, inayonusa kufuli zinazoweza kukwamana. Mashine itakuwa nzito, vumilia. Andika skripti iingize moduli na kuitoa mara mia mbili. Draiva nyingi za zamani hufia kwenye kutoka, kwa sababu taima inabaki ikiamka wakati moduli imeshaondoka. Chomoa waya katikati ya usomaji. Laza kompyuta, iamshe. Iache usiku kucha ikisoma. Umeme ukikatika usilalamike, nalo ni jaribio, tena la bure.

Kibondo: Sina kifaa chenyewe. Naweza kupima hivyohivyo?

Kwa baadhi, ndiyo. QEMU huigiza kompyuta ndani ya kompyuta, na inazijua kadi za mtandao za zamani kama RTL8139 na NE2000, hata flopi. Itakuonyesha makosa mengi bila kuua mashine yako. Ila chuma cha kuigizwa hakina kutu kwenye pini. Kadi ya kiwanda kidogo kama ile ya mwenzako wa Kasulu hutaikuta humo.

Uvinza: Lazima nijue C, lugha inayoandikiwa draiva?

Ndiyo.

Kasulu tena: Akili bandia haiwezi kunifanyia?

Kubadilisha fanksheni za zamani kwa mpya inaweza, na kwa haraka; ipe makosa yote ya kompaila kwa pamoja. Lakini kadi yako haiko mezani kwake. Inaweza kukuapia kwamba rejista (kisanduku cha namba ndani ya kadi) iko 0x04, kumbe mwongozo unasema 0x06. Soma kila mstari, na usiipe nenosiri la root, msimamizi mwenye mamlaka yote ya kompyuta.

Kigoma mjini: Draiva ikishaondolewa kwenye keneli, ndiyo imekufa?

Ftape, draiva ya tepu zilizochomekwa kwenye njia ya flopi, iliondolewa kwenye 2.6.20 mwaka 2007. Msaada kwa prosesa za 386 ukafuata kwenye 3.8, mwaka 2013. Draiva ya flopi yenyewe Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitangaza yatima mwaka 2019, kisha akajitokeza mlezi. Kinachotolewa hakichomwi moto, kinabaki kwenye historia ya Git, daftari la mabadiliko ya msimbo, inayoanzia 2005.

Sisi wa hapa Kigoma tunalijua jambo hili. Wajerumani walipoizamisha meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, walizipaka injini grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi ziwani. Ila msinielewe vibaya, hata meli hiyo haikuwashwa siku ileile iliyotoka majini.

Gungu: Nina boksi la kadi za zamani na Pentium mbili. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi. Nimpe?

Mzuie, mzee wangu! Ndizo tunazozitafuta za kupimia. Mazabodi yenye kapasita zilizovimba aende nayo. Kadi zilizobaki zipige picha pande zote mbili, namba za chipu zisomeke, kisha zifunge kwenye gazeti. Zisiguse plastiki, inazalisha umeme tuli (na mifuko ya plastiki yenyewe ilipigwa marufuku Tanzania 2019). Ijumaa nitapita na bodaboda.