Wazee wa Ufilipino na sahani ya wali
Je, mzee wa Ufilipino ni lazima aache wali ili azeeke akiwa na afya? Hapana, halazimiki. Kinachomdhuru zaidi ni wali kujaa sahani nzima huku kitoweo kikiwa kidogo na chenye chumvi kali. Mwongozo wa Pinggang Pinoy, uliotolewa na taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayotafiti chakula na lishe, unaonyesha sahani ambayo nusu yake ni mboga na matunda, na nusu iliyobaki wanagawana wali na samaki, nyama, mayai au kunde.

Chumvi ndiyo ningeitazama kwanza, kwa sababu hujificha katika patis, yaani mchuzi wa samaki waliochachushwa, katika bagoong, yaani rojo la uduvi waliochachushwa kwa chumvi, na katika tuyo, wale samaki wadogo waliokaushwa kwa chumvi, ambao mara nyingi huliwa asubuhi na wali pekee; kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, chini ya gramu 5 kwa siku, hupitwa upesi kwa mtindo huo. Chakula kizuri cha uzeeni wanacho tayari: tinola, supu ya kuku yenye papai bichi, tangawizi na majani ya mlonge, ni laini kwa asiye na meno na ina protini ya kulinda misuli, mradi patis isimiminwe ovyo.

Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe kiasi cha protini na mboga na daktari wake.