Katawei kwenye gitaa kavu: inakupa freti zipi, na nini cha kukagua kabla ya kulipa

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuongeza hela upate gitaa kavu (akustika) lenye katawei, yaani mwili uliokatwa bega moja karibu na shingo ili mkono ufike freti za juu (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), kwa sababu unataka kupiga solo za sebene kule juu, na kuna mtu amekutisha kwamba bega likikatwa sauti inakufa. Kwa matumizi yako chukua katawei. Ila usiinunue kwa macho. Bega lililokatwa peke yake halitoshi kuufikisha mkono.

Tuanze na muziki wenyewe. Chukua ufunguo wa C, sauti mbili kwa pamoja kwenye uzi wa pili na wa kwanza, kama solo nyingi za rumba zinavyokwenda. Ukianzia freti ya 13 uzi wa pili na 12 uzi wa kwanza, unapanda hivi: 15 na 13, 17 na 15, 18 na 17, 20 na 19. Gitaa lisilo na katawei ambalo shingo yake imeungana na mwili freti ya 14 litakuachia 17 na 15 bila shida kubwa. Jozi ya 18 na 17 utaipata kwa kunyoosha vidole, na mwendo ukiwa wa kasi utaikosa. Ya 20 na 19 isahau. Sasa weka kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, freti ya 3: kila kitu kinasogea freti tatu, na nusu ya ngazi hiyo imekwisha. Ndiyo maana mtu anayetumia kapo sana anahitaji katawei kuliko anavyodhani. Mpigo wa vidole wa Katanga, ule wa kina Mwenda Jean Bosco wa Kongo, kwa sehemu kubwa unakaa freti za mwanzo. Anayepiga mtindo huo hata bega zima linamtosha.

Angalia shingo inaungana wapi na mwili. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma huungana freti ya 14, ya klasiki freti ya 12. Uzi ukiwa na urefu wa milimita 650 kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa darajani, freti ya 12 iko milimita 325 na ya 14 iko 360. Hizo milimita 35 ni nyingi sana kwa kidole. Kampuni ya magitaa ya Martin walianza kutengeneza gitaa la OM la freti 14 mwaka 1929 kwa ajili ya Perry Bechtel, mpiga banjo aliyetaka shingo ndefu zaidi, na hapo hakuna bega lililokatwa. Gitaa la freti 12 lenye katawei na la freti 14 lisilo nayo hayapishani sana kwa kufika juu, kwa hiyo uliza namba hiyo kabla ya kushangilia umbo.

Kisha pitisha mkono kwenye kisigino cha shingo, pale nyuma shingo inaponenepa kuingia mwilini. Katawei inaondoa bega, kisigino kinabaki. Kikiwa kinene na chenye pembe kali, kiganja kitagonga hapo freti ya 17 hata kama bega limekatwa kwa kina. Kilichochongwa chembamba upande wa uzi wa kwanza kinakupa nafasi zaidi ya kufika juu. Dukani weka kidole cha kwanza freti ya 17 na cha nne freti ya 20, uzi wa kwanza, kisha uzi wa tatu. Uzi wa kwanza karibu kila katawei inafika. Wa tatu ndio unaotenganisha gitaa zuri na baya. Kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za nyuzi sita freti ya 17 kwenda juu usizitegemee kabisa, maana upande wa dole gumba mwili bado uko pale pale.

Sasa sauti. Ubao wa mbele unafanya kazi kubwa sehemu pana ya chini, kuzunguka daraja. Sehemu ya juu, karibu na shingo, imegandishwa chini ya ulimi wa ubao wa freti, yaani ncha yake inayolala juu ya mwili, na ina fito nene iliyolazwa ndani kuushikilia, kwa hiyo hata ukiwa mzima haitetemeki sana. Katawei inakula hapo. Hewa ya ndani inapungua kidogo na besi inaweza kuguswa kidogo. Unene wa ubao, aina ya mbao, nyuzi mpya au kuukuu, vyote vinaleta tofauti kubwa kuliko hiyo. Uvumi huu nadhani umetokana na watu kulinganisha vitu viwili kwa mara moja: magitaa mengi ya katawei ya jukwaani yana mwili mwembamba. Yamaha APX600 ina kina cha milimita 80 hadi 90, FG800 ina 100 hadi 118. Hapo unasikia wembamba wa mwili, unalaumu bega. Ukitaka kulinganisha kwa haki, shika FG800 na FGX800C, ambayo ni ya familia hiyo hiyo ikiwa na katawei. Bei inapanda, lakini usisahau kwamba ndani ya bei hiyo kuna pikapu, kifaa cha kunasa sauti na kuipeleka kwenye spika.

Jambo ambalo wauzaji hawaligusi, na ndilo linaloharibu freti za juu kuliko umbo, ni mgongo, yaani kilima, kwenye freti ya 14. Ulimi wa ubao wa freti umegandishwa juu ya ubao wa mbele. Unyevu ukizidi, ubao wa mbele unavimba na kuuinua ulimi. Shingo nayo ikivutwa na nyuzi kwa miaka, pale kwenye kiungo panabaki kilima. Ukibonyeza freti ya 13 uzi unakwaruza freti ya 15 au 16, au noti inatoka fupi na kufa. Pima hivi: weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya freti, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ikicheza kama pembea kwenye freti ya 14, kilima kipo. Kisha sukuma rula mpaka ifike darajani: ncha yake inatakiwa iguse juu ya mbao ya daraja au ipite juu kidogo. Ikigonga uso wa mbele wa daraja, pembe ya shingo imelala, na kuitengeneza ni kung'oa shingo na kuirudisha. Gitaa la bei ya chini lenye tatizo hilo liache.

Usikubali fundi akuambie atakaza chuma cha ndani ya shingo aondoe kilima. Chuma hicho kinafanya kazi kati ya freti za mwanzo na kama ya 12. Kilima kinaondolewa kwa kusawazisha freti zenyewe, kuanzia ya 13 hadi ya mwisho.

Kimo cha nyuzi za chuma juu ya freti, kikipimwa freti ya 12, kiwe milimita 2.0 hadi 2.5 uzi wa sita na 1.5 hadi 2.0 uzi wa kwanza. Ukikwangua milimita 1 chini ya mfupa wa daraja, freti ya 12 inashuka nusu milimita na ya 20 karibu milimita 0.7. Kwangua kidogo kidogo, na mfupa ubaki umechomoza angalau milimita 3 juu ya daraja, la sivyo nyuzi hazitabana vizuri na sauti italegea. Unyevu unaofaa ni asilimia 45 hadi 55. Dar, Mombasa na Zanzibar kwa kawaida huzidi hapo, kwa hiyo gitaa likae kwenye kasha lililofungwa na vifuko vya kunyonya unyevu, si kuning'inia ukutani.

Mkato wa umbo la mviringo au la ncha kali? Kwa mkono hakuna tofauti ya maana, kina cha mkato ndicho kinachohesabika. La ncha kali huungwa kwa vipande viwili vya ubavu, na ile ncha ikigongwa mlangoni inafunguka. Kagua hapo kama kuna ufa.

Mkono wa kulia pia uhame. Kwenye freti ya 20 uzi unaopiga umebaki kama milimita 205, na ukiendelea kupiga juu ya tundu la sauti, sauti inakuwa butu. Rudi nyuma, kati ya tundu na daraja. Dole gumba la kushoto litoke nyuma ya shingo likae pembeni ya kisigino, na vaa mkanda hata ukikaa ili shingo ielekee juu.

Kifungo cha mkanda kisiwekwe kwenye kisigino upande wa mkato, kitakuchoma kiganja. Kiwe upande wa uzi wa sita. Na kama unatumia mkono wa kushoto, usinunue katawei ya kulia ukageuza nyuzi: mkato utakuwa juu, upande wa dole gumba, na freti za uzi wa kwanza zitabaki zimezibwa na bega zima.