Rafiki yangu aliye Leipzig ananiharibia marimba

*Shangazi, mimi nipo Nkuhungu, Dodoma. Rafiki yangu tuliyeanza naye kutengeneza biti tukiwa kidato cha tatu sasa anaishi Leipzig, Ujerumani. Tunafanya muziki wa kielektroniki wenye marimba ya Kigogo, yale ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole. Kwa programu ya kutengenezea muziki, mimi natumia FL Studio, yeye Ableton Live. Namrekodi mzee mmoja wa Chamwino, namtumia. Kazi ikirudi, marimba yanakimbia kuliko ngoma, na yamekuwa kama kinanda cha kanisani. Nikilalamika ananiambia sikio langu limezoea vibaya. Anajibu baada ya wiki mbili. Mwezi uliopita wimbo wetu ameutoa mtandaoni kwa jina lake peke yake. Nimvumilie au nimwache?*

Mwanangu, usimwache kwanza. Sehemu kubwa ya hasira yako inatokana na mipangilio ya kompyuta, na ukiiondoa hiyo utaona vizuri kosa lake halisi ni lipi.

Tuanze na marimba yanayokimbia. Sikiliza tena. Kama yanakimbia lakini sauti yake ni ileile, mchawi ni Warp. Ableton ikipokea rekodi ndefu huwa inakisia tempo (kasi ya wimbo) yenyewe na, kwa kipengele hicho cha Warp, kuivuta rekodi ifuate gridi, ile mistari ya mapigo. Mzee wako hapigi kwa metronomu, kwa hiyo inakisia vibaya. Mwambie azime Warp kwenye rekodi za marimba. Kama yanakimbia na sauti nayo imepanda, basi wewe umerekodi kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na kwake faili linasomwa kama la 48,000. Hapo wimbo wa tempo 120 unafika 130 na ushee, na sauti inapanda karibu robo tatu ya toni. Kubalianeni namba moja, sampuli 48,000 na biti 24 (hizi ni za ubora wa kila sampuli, si za mdundo), na kila mmoja aiweke kabla hajabonyeza kitufe cha kurekodi. Kubadilisha katikati ya kazi ndiko kunakoleta vurugu.

Msitumiane faili za mradi; la FL halifunguki Ableton. Toa kila traki peke yake kama WAV (faili la sauti lisilobanwa), zote zianzie baa ya kwanza hata kama chombo kinaingia baa ya 33, ili yeye aziburute hadi mwanzo na zikae zenyewe. Ngoma na besi ulizochora ziambatane na faili la MIDI, lenye noti tu bila sauti. Mlio wa juu kabisa usivuke desibeli 6 chini ya sifuri, na limita ya masta (kibana sauti cha mwisho wa wimbo mzima) uizime. Tempo iandike kwenye jina la faili.

Najua bando linauma. Dakika moja ya WAV ya stereo kwa vipimo hivyo ni karibu MB 17, kwa hiyo traki 12 za dakika 4 zinakaribia MB 830. Lakini marimba ya maiki moja ni mono (mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili), ukubwa ni nusu. Zigeuze ziwe FLAC: faili linapungua sana na hakuna kinachopotea kwenye sauti. Kwa WhatsApp tuma kama hati, kamwe si kama ujumbe wa sauti. MP3 iwe ya kusikiliza tu, kwa sababu inaongeza ukimya mdogo mwanzoni, na ukiirudia kama lupu mdundo unachechemea. Na msipoteze usiku kujaribu kupiga pamoja moja kwa moja. Kwenye nyaya za mwanga sauti inasafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde; kwa umbali huo, kwenda tu hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 30 hata nyaya zingenyooka, nazo hazijanyooka.

Sasa kinanda cha kanisani. Hapo sikio lako liko sawa na yeye amekosea. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya haimoniki, zile sauti zinazozaliwa juu ya sauti moja ya msingi. Haimoniki ya saba iko senti 31 chini ya noti ya kinanda iliyo jirani yake, na senti 100 ndizo nusu toni. Hiyo si tofauti ya kufichika. Marehemu Hukwe Zawose wa Doduma alipanda majukwaa ya dunia na tuni za kwao, na hakuna aliyemwambia apeleke marimba kwa fundi. Rafiki yako anapitisha rekodi kwenye programu ya kunyoosha sauti, nayo inavuta kila noti hadi kwenye piano.

Dawa ni kuigeuza sinta (ala ya kielektroniki ya kwenye kompyuta) ifuate marimba. Pakua programu ya kupimia tuni kwenye simu, kaa na mzee mahali patulivu, kila chuma kipigwe mara tatu na uandike noti na senti zake, kwa mfano "D, chini 28". Kwa orodha hiyo rafiki yako atatengeneza faili la ngazi la Scala (faili linaloorodhesha noti za tuni) na kulifungua kwenye Surge XT, sinta ya bure inayokubali tuni za namna hiyo. Besi yake na kodi zake (noti zinazopigwa pamoja) zikikaa kwenye ngazi ya mzee, hatatamani tena kunyoosha kitu.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hujaligundua. Marimba ya Kigogo yana tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, ndio unaotoa ule mvumo wa "zzz". Pia vipo vyuma visivyoguswa, vinavyoitikia vyenyewe vingine vikipigwa. Programu ya kuondoa kelele haijui hayo. Inafuta mvumo na mwangwi, inabaki "ting, ting" kavu. Ila naye ana sababu ya kuitumia: nahisi unarekodi nje, na upepo wa Dodoma unaingia kwenye maiki. Rekodi chumbani, magodoro mawili yaegemee ukuta, maiki iwe kama sentimita 30 kutoka kwenye tundu. Mwishoni acha sekunde kumi za ukimya wa chumba. Kelele ikipungua, hatakuwa na cha kusafisha.

Wiki mbili za kusubiri si dharau kwa mtu mwenye kazi. Pangeni zamu: mwenye faili anakaa nalo siku saba, mwingine haligusi, kila toleo lina namba. Saa 3 usiku kwako, kwake ni saa 2 majira ya joto na saa 1 majira ya baridi; muda huo unawafaa wote.

Jina ndilo la kumkalisha kitako, na kwa simu, si kwa meseji. Muulize kabla hujashutumu. Akaunti ya msambazaji huwa ya mtu mmoja, na asipojaza msanii wa pili, jina halitokei. Linaweza kurekebishwa hata baada ya wimbo kutoka, kwa hiyo mpe tarehe. Kisha andikeni asilimia: za utunzi peke yake, za rekodi peke yake, na pesa zinaingia akaunti ya nani. Usifute faili zako za awali, na kazi mpya isajiliwe COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania. Akikataa kurekebisha, acha kumtumia rekodi. Urafiki unaweza kubaki bila biti.

Lakini barua yako yote haina neno juu ya haki ya mzee. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua pia mpigaji, na wewe unayelia kuibiwa jina hujasema la kwake liko wapi. Karatasi ya makubaliano iwe na nafasi tatu: yako, ya rafiki yako na ya mzee. Msomee mzee kwa lugha anayoielewa vizuri, mtoto wake mmoja akiwepo. Akichagua asilimia, iandike. Akichagua malipo ya mara moja, andika kiasi na tarehe, na umwachie nakala yake.